Maneno mepesi ya Kiingereza yenye maana nyingi: mifano ya shambani na mgodini Kiwira

Neno lenye maana kadhaa zinazohusiana huitwa polisemi. Maneno mawili yanayolingana kwa umbo lakini hayana uhusiano wa maana huitwa homonimu. Kiswahili kina aina zote mbili. Kitenzi "panda" humaanisha kutia mbegu ardhini na pia kwenda juu. "Kaa" ni kiumbe wa baharini, ni kipande cha kuni kilichoungua, tena ni kitenzi cha kuketi. Msemaji wa Kiswahili hababaishwi na maneno hayo, kwa kuwa jirani za neno katika sentensi humwonyesha njia. Matatizo huanza anapofasiri kutoka Kiingereza, na mara nyingi hayasababishwi na maneno magumu. Neno gumu humpeleka mfasiri kwenye kamusi. Neno jepesi, alilojifunza tangu darasani, humfanya aamini kwamba analijua.

Kiwira, mji mdogo wa wilaya ya Rungwe ulio kando ya barabara ya Mbeya hadi Tukuyu, unatoa mifano mizuri. Wilaya hiyo ni ya mashamba ya chai. Aidha, jina la Kiwira ni la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, na la mgodi wa makaa ya mawe ulio chini ya STAMICO, ambao haupo mjini hapo bali kusini zaidi, upande wa Kyela na Ileje. Kilimo, kiwanda na uchimbaji vinakutana, na kila kimoja kina Kiingereza chake.

Tuchukue "plant". Katika "tea plant" ni mmea wa chai, au mche ikiwa bado mchanga. Katika "tea processing plant" ni kiwanda. Katika "power plant" ni mtambo wa kuzalisha umeme. Na hapo "power" nayo si nguvu wala mamlaka, sembuse kipeo cha somo la Hisabati. Maana zote za "plant" zinatokana na wazo la kitu kilichosimikwa mahali. Upatanisho wa kisarufi haumwokoi msomaji hapa, kwani mmea na mtambo ziko katika ngeli moja ya U-I: "umekaguliwa" hufaa kwa zote mbili. Katika mikataba, fungu la maneno "plant and machinery" ni mitambo na mashine. Mkulima akisaini tafsiri inayosema "mimea na mashine" kuwa dhamana ya mkopo, ameambiwa kwamba ameweka rehani michai yake.

Maneno ya chai yana mitego midogo zaidi. "Nursery" ni kitalu cha miche, si shule ya chekechea. "Flush" ni kipindi cha kuchipua majani machanga, hakihusu kuvuta maji chooni wala uso kuiva kwa haya. "Pluck" ni kuchuma, ingawa kwa kuku ni kunyonyoa. "Wither" linastahili maelezo zaidi. Shambani ni kunyauka, dalili ya ukame au ugonjwa. Kiwandani ni hatua ya kwanza ya usindikaji, ambapo majani mabichi hupunguzwa maji kwa makusudi kabla ya kusagwa. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja. Kiswahili kina mnyambuliko unaotenganisha ajali na kusudi: majani yamenyauka, majani yamenyaushwa. Mfasiri asiyeutumia anaitupa faida aliyopewa na lugha yake.

Mgodini, kosa la aina hii linaweza kuua. "Mine" yenyewe ni mgodi, ni kiwakilishi "-angu", tena ni bomu la kutegwa ardhini. Maana ya kwanza na ya tatu ni ndugu, kwa sababu wanajeshi wa zamani walichimba mahandaki chini ya kuta za adui na kuzilipua. "Seam" si mshono bali ni tabaka la makaa. "Face" si uso wa mtu bali ni ukuta wa makaa unaochimbwa kwa wakati huo. Hayo msomaji makini huyang'amua.

Lakini tazama agizo hili: "Test for damp before each shift." Kwa Kiingereza cha kila siku, "damp" ni unyevu. Kwa wachimbaji wa makaa ni gesi, maana iliyotokana na neno la Kijerumani la mvuke. "Firedamp" ni gesi inayowaka, hasa methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 inaweza kulipuka. "Blackdamp" ni hewa iliyopungukiwa oksijeni, inayomzimisha mtu bila kelele. Tafsiri "Pima unyevu kabla ya kila badiliko" inasomeka vizuri na haina maana. Iliyo sahihi ni "Pima gesi kabla ya kila zamu."

La hatari zaidi ni sentensi fupi: "The roof is working." Hakuna neno ndani yake ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza halijui, na tafsiri "Dari inafanya kazi" humtuliza msomaji. Katika lugha ya wachimbaji, "working" ya mwamba ni kugugumia na kusogea kwake unapoelemewa na uzito, ishara kwamba unaweza kuporomoka. Tafsiri inayofaa ni "Mwamba wa juu unalia na kusogea, tokeni." Kitenzi "tokeni" hakimo katika Kiingereza, ila mchimbaji mzoefu hukisikia. Katika ripoti ya kijiolojia mfasiri akiache. Katika bango la usalama akiandike, tena kiwe cha kwanza.