Fête des Lumières ya Lyon: sikukuu ya bule iliyoanza na mishumaa ku madirisha

Kila mwaka, karibu na tarehe 8 ya mwezi wa kumi na mbili, muji wa Lyon, kule Ufaransa, unafanya sikukuu ya mwangaza inayoitwa Fête des Lumières. Kwa siku nne, giza likishaingia, watu wanatoka inje na makoti mazito, wanatembea kiwanja kwa kiwanja wakiangalia kuta za kanisa, miti na maji ya mito vikibadilika rangi. Hakuna tiketi, hakuna mlango wa kulipia. Ukihesabu wote wanaopita siku hizo, inafika karibu milioni mbili, na muji wenyewe una wakaaji kama nusu milioni tu.

Wengine wanafikiri jina linatoka kwa ndugu Auguste na Louis Lumière, wale wa sinema, juu waliishi Lyon na njo kule walipiga filme yao ya kwanza mwaka wa 1895. Hapana. Neno hilo kwa Kifaransa ni mwangaza tu, na sikukuu ilianza wao bado hawajazaliwa.

Mafuriko, mvua, kisha mishumaa

Mwaka wa 1852, Wakatoliki wa Lyon walikuwa wanangoja kubarikiwa kwa sanamu ya Bikira Maria, yenye kupakwa dhahabu, juu ya mnara wa kanisa dogo la kilima cha Fourvière. Basilika kubwa inayoonekana kule leo ilikuwa bado haijajengwa. Siku iliyopangwa ni tarehe 8 ya mwezi wa tisa, sikukuu ya kuzaliwa kwa Maria. Tarehe hiyo ilikuwa na uzito: mwaka wa 1643, tauni ikitisha muji, viongozi waliweka nadhiri ya kupanda Fourvière kila mwaka siku hiyo.

Sanamu ilikuwa kazi ya Joseph-Hugues Fabisch, yule yule aliyechonga, mwaka wa 1864, Bikira Maria wa pango la Lourdes, ambaye mfano wake unaonekana ku parokia nyingi za Kongo. Lakini mto Saône ulifurika, maji yakaingia mahali alipofanyia kazi, sanamu ikachelewa. Wakasogeza sherehe mpaka tarehe 8 ya mwezi wa kumi na mbili, sikukuu ya Maria Mkingiwa wa dhambi ya asili. Siku ile nayo mvua kali ikaanguka. Viongozi walikuwa karibu kuahirisha tena. Magaribi mbingu ikafunguka, na familia zikaweka mishumaa ku madirisha, nyumba kwa nyumba, mpaka muji wote ukawaka. Kisha watu wakashuka barabarani. Tangu hapo desturi ilibaki: kila mwaka tarehe ile, mishumaa ndani ya gilasi ndogo ku dirisha.

Kwa zaidi ya miaka 130 sikukuu ilikuwa hiyo, usiku mumoja. Mwaka wa 1989 muji ukaanza mpango wa kuangazia majengo, madaraja na kando ya mito yake miwili, Rhône na Saône. Mwaka wa 1999 usiku mumoja ukawa siku nne na wasanii wakaitwa.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani? Ku kiwanja kama Terreaux, msanii anapima kwanza ukuta: kila dirisha, kila nguzo. Anachora picha inayolingana na vipimo hivyo, kisha maprojekta yenye nguvu yanairusha, na ukuta unaonekana kama unapasuka ao unapumua. Bustani ni jambo lingine. Parc de la Tête d'Or, bustani ya watu wote iliyofunguliwa mwaka wa 1857, ina hekta 117 na ziwa ndani. Kuingia ni bule mwaka muzima, na miaka kadhaa sikukuu imefika mpaka humo. Pale hakuna ukuta wa kushika picha, na juu ya baridi miti mingi imeshapoteza majani. Basi msanii anaangazia shina kutoka chini, anatumia moshi, sauti, na maji yanayorudisha mwangaza mara mbili. Mara nyingi taa chache zinapendeza kuliko nyingi, kitu ambacho wasanii wengine wanasahau.

Bule, lakini kuna anayelipa

Feza inatoka kwa muji, na sehemu kubwa kwa makampuni. Hoteli zinapandisha bei siku hizo, na wakaaji wengine wa katikati ya muji wanaona heri waondoke. Kuna pia wanaonung'unika kama sikukuu ya Maria imegeuka biashara. Waamini wao wanajibu kwa mwangaza: ku kilima cha Fourvière wanawasha herufi kubwa za kusema MERCI MARIE.

Shida kubwa ilikuja mwaka wa 2015. Tarehe 13 ya mwezi wa kumi na moja, mashambulizi ya Paris na Saint-Denis yaliua watu 130. Lyon ikaona haiwezi kulinda umati wa namna ile, ikafuta karibu michezo yote ya mwangaza. Kwa watu wanaojua maana ya kukataziwa kukusanyika usiku, uamuzi ule hauhitaji maelezo mingi. Meya hakufuta mishumaa: wakaaji waliombwa kuiweka ku madirisha kwa kukumbuka wafu. Mwaka wa 2016 maprojekta yakarudi, pamoja na vizuizi, polisi na kupekua mifuko. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, yakazimwa tena, na mishumaa ikabaki peke yake.

Gilasi zile ni nene, zenye michirizi, zingine za rangi. Mshumaa ukiisha, familia inaiosha gilasi na kuiweka ndani ya karto mpaka mwaka mwingine.