Pisa: Bandari Iliyoachwa na Bahari

Miongoni mwa miji ya kale ya Italia iliyo karibu na pwani, hapana, nionavyo mimi, uliodhulumiwa na umaarufu wake kama Pisa. Kwani wageni wanaoufikia kwa garimoshi kutoka Florence, au kwa meli za matembezi zitiazo nanga Livorno, aghalabu hushuka asubuhi, huelekea moja kwa moja penye mnara ulioinama, hupigwa picha wamenyosha mikono kana kwamba wanauzuia usianguke, kisha huondoka kabla ya adhuhuri wakiamini kuwa wameuona mji. Anayekusudia kutumia likizo yake huko, na hasa aliyezaliwa katika pwani yetu na kuzoea kuusoma mji kwa kuutazama kutoka upande wa maji, ataneemeka zaidi akiipanga safari yake kwa kufuata habari ya bahari. Maana bahari ndiyo iliyoutajirisha mji huu, na kujitenga kwake ndiko kulikousalimisha mikononi mwa wengine.

Leo bahari i mbali na Pisa kwa kilomita zipatazo 10. Haikuwa hivyo zamani. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika mwanzoni mwa dola ya Kirumi, aliutaja mji huu kuwa karibu zaidi na maji, kwa kadiri ya kilomita 4 kwa kipimo chetu. Lakini mto Arno, uteremkao kutoka milimani ukibeba udongo na mchanga kila masika, uliisogeza pwani magharibi karne baada ya karne, hata mabwawa yakawa nchi kavu na gati zikawa mashamba. Kwa sababu hiyo siku ya kwanza isianzie mnarani, bali kando ya mto, katika maghala marefu ya matofali yaitwayo Arsenali Medicei, ambamo tangu mwaka 2019 mna makumbusho ya majahazi ya kale. Vyombo hivyo viligunduliwa mwaka 1998, mafundi wa reli walipokuwa wakichimba karibu na kituo cha San Rossore: takriban vyombo 30, vikubwa na vidogo, vilivyozama kwa mafuriko ya nyakati mbalimbali na kufunikwa na tope lililozihifadhi mbao, kamba na shehena zake. Kimojawapo, mashua ya makasia ya karne ya kwanza, kingali na jina lake, Alkedo, limechorwa ubaoni kwa herufi za Kiyunani. Na katika matope hayo hayo ilionekana mifupa ya baharia mmoja pamoja na ya mbwa wake. Mwenye kuiona mifupa ile hahitaji kuelezwa zaidi mto Arno ulikuwa nini kwa watu wa Pisa. Makumbusho haya hayafunguliwi kila siku, basi msafiri aulizie mapema kabla ya kupanga mengine.

Kutoka hapo ndipo inapofaa kwenda kwenye uwanja uliko mnara ulioinama, si kwa sababu ya mnara kwanza, ila kwa sababu ya kanisa kuu, ambalo ukuta wake wa mbele ni daftari la manowari. Mwaka 1063 merikebu za Pisa ziliivamia bandari ya Palermo, iliyokuwa chini ya Waislamu wa Sisilia, zikaondoka na ghanima kubwa. Na maandishi yaliyochongwa kwenye ukuta wa kanisa yanasema wazi kwamba mali hiyo ndiyo iliyotolewa kulijenga. Mbunifu wake alikuwa Buscheto, na Papa Gelasius II aliliweka wakfu mwaka 1118. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1087, Wapisa pamoja na Wagenoa waliushambulia mji wa Mahdia, katika pwani ya Tunisia ya leo. Juu ya paa la kanisa hilo alisimamishwa mnyama wa shaba mwenye mwili wa simba na mabawa na kichwa cha tai, kazi ya mafundi wa Kiislamu ambayo wengi huinasibisha na Andalusia, na kiwiliwili chake kimezungushiwa maandishi ya Kikufi ya kumwombea mwenye mali baraka na afya. Alikaa huko, akipigwa na pepo za baharini, mpaka mwaka 1828. Leo yumo katika makumbusho ya kanisa, nyuma ya uwanja. Mgeni asimpite haraka. Asogee karibu aone jinsi manyoya yalivyokatwa kwa patasi moja moja, na herufi zilivyopangwa kwa ustadi ule ule, kisha akumbuke kwamba kwa muda wa karne saba hivi watu walisali chini ya dua iliyoandikwa kwa Kiarabu, nao hawana uwezo wa kuisoma.

Wala isidhaniwe kwamba baina ya Pisa na nchi za Waislamu palikuwa na vita tu. Mapatano ya biashara yalikuwapo, na barua ya mwaka 1157 kutoka kwa mtawala wa Tunis kwenda kwa askofu mkuu wa Pisa ingali inatajwa na wanahistoria miongoni mwa hati bora za namna hiyo. Mji ulikuwa na wafanya biashara wake Bugia, katika Algeria ya leo, na kwa mmoja wa maofisa wa forodha huko alikwenda kijana wake Leonardo, ambaye dunia humjua kwa jina la Fibonacci. Huko akafundishwa hesabu kwa tarakimu tisa za Wahindi na ile alama ya sifuri, na mwaka 1202 akatoa kitabu chake, Liber Abaci, kilichosaidia sana kuzieneza tarakimu hizo Ulaya ya Kilatini. Sanamu yake imo katika Camposanto, makaburi yaliyozungukwa na ukumbi wa marumaru upande wa kaskazini wa uwanja, jengo lililoanza mwaka 1277 na ambalo, kwa riwaya ya wenyeji, udongo wake uliletwa kwa merikebu kutoka Golgotha. Mahali hapa, kwa utulivu, hapana pa kulinganishwa napo uwanjani kote. Palipata msiba tarehe 27 Julai 1944: kombora la vita lilitia moto paa la mbao, risasi iliyolifunika ikayeyuka na kutiririka juu ya michoro ya kuta, na kazi ya kuirejesha michoro hiyo ikachukua miaka mingi, hata ile kubwa ya Buffalmacco juu ya Ushindi wa Mauti ikarudishwa ukutani mwaka 2018. Chini ya rangi zilizobanduliwa mafundi walikuta michoro ya awali ya udongo mwekundu, na hiyo imewekewa jumba lake upande wa pili wa uwanja.

Ama mnara, wenyewe ni mzuri hata kama ungalisimama wima. Mjane aitwaye Berta di Bernardo aliusia soldi 60 mwaka 1172 kwa ajili ya mawe yake, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. Lakini ardhi ya pale ni udongo wa mfinyanzi na mchanga laini, urithi wa maji yale yale yaliyoujenga mji, na ilipofikiwa ghorofa ya tatu, karibu mwaka 1178, kazi ilisimama. Kusimama huko kwa karibu miaka mia moja ndiko kulikouokoa, kwani udongo ulipata muda wa kushikana; ungalijengwa mfululizo ungalianguka. Waliourudia mwaka 1272 walijaribu kuusahihisha kadiri ulivyopanda juu, ndiyo sababu mtu akiutazama kwa makini huona kwamba si umeinama tu, bali umepinda. Ulifungwa Januari 1990 kwa hofu, ukafunguliwa Desemba 2001 baada ya wahandisi kuchimbua udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini hata ukarudi nyuma takriban nusu digrii. Tiketi za kupanda hutolewa kwa saa maalumu, na watoto wasiotimiza miaka 8 hawaruhusiwi. Mwenye jamaa wadogo ajue hayo nyumbani, asije akayajulia mlangoni.

Siku ya pili iwe ya huzuni za mji. Tarehe 6 Agosti 1284, karibu na miamba ya Meloria mbele ya Livorno, manowari za Genoa ziliziangamiza za Pisa, na maelfu ya wanaume wakachukuliwa mateka. Mkuu mmoja wa vita vile, Ugolino della Gherardesca, alitawala mji kwa muda, kisha akafungwa katika mnara mwingine pamoja na wanawe na wajukuu, akafa kwa njaa mwaka 1289. Mabaki ya mnara huo yamo ndani ya jengo la saa katika Piazza dei Cavalieri, na habari yake aliitia Dante katika Inferno. Mwaka 1290 Wagenoa waliivunja Porto Pisano, bandari ya mji, wakaichukua minyororo iliyokuwa ikiifunga na kuitundika vipande vipande mjini kwao. Ilirudishwa katika karne ya 19, na sasa imo Camposanto, mizito na myeusi kwa kutu.

Katika gereza la Genoa, mwaka 1298, alikuwamo Mpisa aitwaye Rustichello, mwandishi wa hadithi za mashujaa, ambaye wengi humhesabu kuwa alikuwa miongoni mwa mateka wa Meloria. Na mwenzake wa kifungo alikuwa Marco Polo wa Venice. Rustichello ndiye aliyeziandika habari za safari za Polo, na ndani ya kitabu kilichotoka gerezani mna Zanzibar, kisiwa ambacho Polo hakukifika, bali alisimuliwa juu yake, akakieleza kuwa kikubwa mno, chenye tembo wengi na biashara ya pembe. Mengi katika habari hizo si sahihi. Lakini kwamba jina la visiwa vyetu liliandikwa na mkono wa mtu wa Pisa aliyefungwa, hilo mimi naliona kuwa miongoni mwa sababu njema za Mswahili kuuzuru mji huu.

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia, ijapokuwa yalikuwa marefu kuyaishi. Florence iliutwaa mji mwaka 1406 kwa mazingiwa na njaa. Ukajikomboa mwaka 1494, ukarudishwa chini mwaka 1509. Na bandari ilipokuwa ikizidi kujaa mchanga, watawala wa Florence wakaielekeza mali yao Livorno. Pisa ukabaki mji wa elimu. Chuo kikuu chake ni cha mwaka 1343. Bustani yake ya mimea, iliyoasisiwa na Luca Ghini katika miaka ya 1540, ni mojawapo ya zile kongwe kabisa za vyuo duniani. Na Galileo, aliyezaliwa hapo mwaka 1564, alifundisha hapo hisabati tangu mwaka 1589 hata 1592. Wanafunzi ndio wanaoutia mji uhai jioni, na kwa ajili yao chakula si ghali: mgeni aulize cecina, andazi jembamba la unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, linalookwa katika sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, likakatwa vipande na kuliwa na pilipili manga, ukingo umekauka na ndani laini. Mtu wa Mombasa au Unguja, aliyekua akila bajia, ataujua unga ule kwa harufu kabla hajaonja.

Kuhusu wakati, Julai na Agosti pana joto na msongamano. Nausifu mwezi wa Juni, na hasa usiku wa tarehe 16, mkesha wa Mtakatifu Ranieri, walii wa mji, ambapo majumba ya kandokando ya mto hupambwa kwa maelfu ya taa za mishumaa katika vikombe vya kioo, na kanisa dogo la Santa Maria della Spina, lililoinuliwa jiwe kwa jiwe mwaka 1871 ili lisidhuriwe na mto, huonekana kana kwamba linaelea. Nyumba za kulala siku hizo hujaa. Ziagizwe miezi kabla.

Siku ya mwisho iwe ya San Piero a Grado, kilomita kama 6 magharibi, palipokuwa zamani mlango wa mto. Wenyeji husema Mtume Petro alishukia hapo. Ni kanisa la karne ya 11, limesimama peke yake katika mashamba, ndani lina michoro ya Deodato Orlandi juu ya maisha ya mitume, na kuta zake za nje, chini ya paa, zilipachikwa bakuli za udongo zilizong'arishwa, zilizoletwa na mabaharia kutoka Tunisia, Sisilia na visiwa vya Hispania. Makanisa mengine mengi ya Pisa yalipambwa hivyo hivyo. Bakuli za asili sasa nyingi zimeteremshwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya San Matteo, ukingoni mwa Arno, na kutani zimetiwa nakala. Na mojawapo katika za San Piero ina picha ya jahazi lenye tanga, kwa rangi ya kahawia na kijani, iliyochorwa na mtu aliyekijua chombo.

Wahenga wetu walifanya kazi hiyo hiyo kwa bakuli za Uchina katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, bila ya kuigana na Wapisa, kwa kuwa watu wa bandari pande zote mbili waliona fahari kuionyesha bahari ukutani. Tofauti ni kwamba katika kuta zetu matundu ni mengi kuliko bakuli, maana nyingi zimebanduliwa na kuchukuliwa. Msomaji atakayefika San Matteo na aitazame kazi ya uhifadhi iliyofanywa pale kwa makini, kisha akirudi nyumbani azuru Kunduchi na Mambrui, na pamoja nasi awaombe wanaosimamia mambo ya kale waziandike bakuli zilizosalia moja moja, wazipige picha, na kuzilinda kabla hazijakwisha.