Neno kwa Neno: Kipaza sauti kipi?
Hapa Kamina, si mbali na gare, kuna kibao cha fundi: "Tunatengeneza vipaza sauti." Nikamuuliza: vipi, mikro, bafle au ampli? Akacheka. "Vyote, baba." Basi shida ndiyo hiyo. Kwaya inatuma habari kwamba kipaza sauti kimekufa upande mmoja, fundi anabeba bafle nyingine begani, kumbe iliyoungua ni transista ndani ya ampli.

Kupaza ni kufanya kitu kipae, kiende juu. Ndiyo maana mtu hupaza sauti hata pasipo umeme. Kipaza sauti kimezoeleka kwa mikro, wengine huiita hivyo bafle, na sigombani nao. Lakini kile cha katikati, kinachopokea mawimbi dhaifu ya umeme na kuyaongezea nguvu, ni kikuza sauti, kutokana na kukua. Ampli ya Kifaransa nayo haina kosa. Wenzetu wa Dar es Salaam wana amplifaya.

Na upande uliokufa usiuite idhaa, kama nilivyosoma juzi. Idhaa ni ya redio, neno la Kiarabu la kutangaza. Mafundi husema "upande", nami niko nao.

Kabla ya kumwita fundi, zima ampli, badilishanisha waya za bafle kwenye ampli, kisha washa. Kimya kikihamia bafle ya pili, bafle zako ni nzima: mwambie fundi ni ampli, au kinachoilisha. Kikibaki palepale, mwambie ni bafle, au waya wake.