Mali kauli: mtaji ulivyotafutwa Mji Mkongwe

Mitihani inakaribia lakini hosteli stori ni moja tu: nani ana wazo la biashara na nani atatia pesa. Toka serikali izindue mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022, wa kuvutia kampuni za teknolojia kuja hapa, kila mtu anaota mwekezaji. Leo basi nawaletea historia kidogo, maana hii biashara ya mtu kutia pesa yake kwenye safari ya mwenziwe haikuanzia California. Hapa Unguja ilikuwepo karne ya 19, tena kubwa ile mbaya.

Ilikuwa hivi. Seyyid Said alipohamishia makao yake huku kutoka Muscat, pembe za ndovu zilikuwa zinatafutwa sana Ulaya, Marekani na India. Pembe ziko bara, miezi kadhaa kwa miguu. Mfanyabiashara ana ujasiri na watu wa kumfuata, lakini hana nguo, shanga wala nyaya za shaba za kubadilishana huko. Hata ile nguo ya merikani, jina lenyewe linakwambia ilikotoka. Basi anakwenda Mji Mkongwe kwa tajiri, anapewa bidhaa kwa mali kauli: chukua sasa, utalipa ukirudi.

Matajiri wenyewe wengi walikuwa Wahindi. Nyumba ya Jairam Shivji, Banyani, ndiyo iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Baadaye akaja juu Taria Topan, Khoja wa kutoka Kutch. Huyu ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Safari yake kubwa ilianza karibu mwaka 1870 na Unguja hakurudi mpaka 1882. Hebu fikiria, miaka kama 12! Leo mwekezaji gani atakusubiri hivyo?

Safari ikalipa. Tippu Tip akawa na nyumba Shangani na mashamba, akafariki hapa hapa mwaka 1905. Taria naye ndiye aliyeanzisha, mwaka 1887, lile jengo la Mizingani lenye baraza za mbao zilizochongwa, tunaloliita Dispensari ya Zamani.

Wengi huishia hapo kwenye utamu. Lakini jamani, mali kauli ni deni. Bei ya bidhaa ilikuwa imeshapandishwa kabla hujatoka, kwa hiyo faida ya tajiri imo ndani tayari. Ukiibiwa njiani, wapagazi wakitoroka, ndui ikiingia kambini, deni liko pale pale. Ndiyo maana kuna waliobaki Tabora na Ujiji maisha yao yote, pwani hawathubutu kurudi kwa sababu ya madeni. Wenye mashamba nao walikopa kwa kuweka rehani mikarafuu. Dhoruba ya mwaka 1872 ikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini deni halikuanguka.

Sasa linganisha. Mwaka 1957 kampuni ya Georges Doriot kule Boston ilitia dola 70,000 kwenye kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ilinunua hisa. Kampuni ingekufa, pesa ya hisa ingekufa nayo. Ilipofanikiwa, waliotia wakavuna mara mia kadhaa. Kwa hiyo mwenye hisa anakula hasara pamoja na wewe, ila ukifanikiwa sehemu ya chako ni yake moja kwa moja.

Dereva wa daladala anaijua tofauti hii kuliko sisi. Abiria wawepo wasiwepo, hesabu ya tajiri jioni lazima itimie. Huyo yuko kwenye mali kauli.

Kuna jambo jengine ambalo ni zito zaidi. Misafara ile haikuleta pembe tu. Vijiji vilivamiwa, watu wakakamatwa na kuuzwa, na soko la Mkunazini halikufungwa mpaka mwaka 1873. Waliotoa bidhaa walikaa mjini wakihesabu pembe, zilipatikanaje hawakuuliza. Mtaji hukusukuma kule unakolipa, na aliyekupa hayupo njiani na wewe.

Kwa hiyo mwenzangu unayetafuta pesa, usianze na "kiasi gani?". Uliza kwanza: mambo yakiharibika, hasara ya nani? Atasubiri miaka mingapi? Na ili nimlipe, nitalazimika kumfanya nani nini? Ukikosa jibu la hilo la tatu, bora uendelee kuuza vocha na chipsi kwa pesa yako ndogo mpaka ulipate.

Haya, narudi kwenye kusoma. Kila la heri na mitihani!