Samadi Iliyotibiwa kwa Joto

Samadi iliyotibiwa kwa joto ni kinyesi cha mifugo, pamoja na maranda, majani makavu na mabaki mengine ya zizini, kilichofikishwa kwenye joto kali kwa muda wa kutosha kuua vimelea vya magonjwa kabla ya kutiwa shambani. Samadi mbichi, hata ya mnyama aonekanaye mzima, huweza kubeba bakteria wa salmonela na wale wa E. koli aina ya O157:H7, mayai ya minyoo, na mbegu za magugu zilizopita tumboni bila kusagika, na hatari yake huzidi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Njia iliyoenea zaidi ni kuivundisha katika lundo, ambamo joto halitoki kwenye moto bali huzalishwa na vijiumbe vinavyoozesha samadi kwa kutumia oksijeni. Lundo hupata joto upesi likiwa na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 na kiasi cha kaboni kinachokaribia mara 30 ya nitrojeni, ndiyo maana samadi ya kuku, iliyojaa nitrojeni, huchanganywa na mabua au maranda. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka lundo refu la wazi likae kati ya nyuzi 55 na 77 za sentigredi kwa siku 15, nalo ligeuzwe angalau mara 5 katika muda huo. Kugeuza ndiko kiini cha kazi yote, kwa sababu moyo wa lundo huwaka ilhali ngozi yake imepoa, na vimelea vilivyosalimika nje hurudi kuenea ndani. Fimbo ndefu ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki huichomeka katikati ya lundo, kisha kuichomoa na kuigusa, huonyesha kwamba uozaji unaendelea, lakini mkono hauwezi kupambanua nyuzi 45 na 55. Kwa bustani ya mboga, kipimajoto ni cha lazima.

Viwandani samadi hupashwa joto kwa mitambo, na sheria za Umoja wa Ulaya huweka kipimo cha nyuzi 70 kwa dakika 60 mfululizo. Joto hilo haliui spora, yaani maumbo yenye ganda gumu ambayo bakteria wa jamii ya Klostridia hujifichamo, na sehemu ya nitrojeni hupotea hewani kama amonia.

Udhaifu mkubwa zaidi huja baadaye. Joto huua pia vijiumbe vingi visivyo na madhara, ambavyo kwa kawaida hushindana na vimelea, hivyo salmonela wachache wakiingia tena katika samadi yenye unyevu huweza kuongezeka haraka. Kwa hiyo samadi iliyokwisha kutibiwa huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na maji yatiririkayo kutoka zizini, na koleo lililogusa samadi mbichi halipaswi kuigusa kabla ya kusafishwa.