Mlolongo wa 1988: Uchaguzi Usioacha Karatasi

Miongoni mwa chaguzi zote zilizofanyika nchini Kenya tangu uhuru, ule wa 1988 ndio uliobadilisha kitendo chenyewe cha kupiga kura, kwa kuwa katika hatua yake ya kwanza raia hakutia alama kwenye karatasi wala hakutumbukiza chochote sandukuni, bali alijipanga uwanjani nyuma ya mgombea aliyemtaka, au nyuma ya wakala aliyeinua picha ya mgombea huyo, akasubiri kuhesabiwa. Utaratibu huo, ulioitwa mlolongo, haukudumu ila miaka michache, lakini athari zake katika sheria za uchaguzi na katika fikra za Wakenya hazijafutika hadi leo. Wengi wameulaumu kwa kumnyang'anya mpiga kura siri yake, na lawama hiyo ni ya haki. Lipo hata hivyo kosa la pili, ambalo pengine ni zito zaidi, nalo ni kwamba mlolongo haukuacha ushahidi wowote.

Kabla ya hapo kura ya siri ilikuwa imezoeleka hata chini ya utawala wa chama kimoja. Chama cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, kilipopigwa marufuku mwezi Oktoba 1969, KANU, chama tawala, ilibaki peke yake uwanjani, na mnamo Juni 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A kilichoifanya hali hiyo kuwa sheria. Urais haukushindaniwa kamwe katika miaka hiyo, lakini viti vya Bunge vilishindaniwa kwelikweli, kwani wagombea kadhaa wa chama hichohicho walipambana katika maeneo bunge mengi na uamuzi ukawa wa wapiga kura wote walioandikishwa. Katika mchujo wa Desemba 1969, yaani kura ya kuwateua wagombea wa chama, karibu nusu ya wabunge waliokuwapo waliangushwa, wakiwamo mawaziri, na hali kama hiyo ilijirudia 1974. Mkulima wa Nyanza au Ukambani hakuweza kumwondoa rais, lakini aliweza kumrudisha nyumbani mbunge aliyempuuza kwa miaka mitano, wala mbunge huyo asijue ni nani na nani waliomkataa. Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mnamo Machi 1957, walipewa viti vinane tu, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kulingana na elimu, mali na utumishi wake, huku Wagikuyu, Waembu na Wameru wakidaiwa kwanza hati ya kuthibitisha utiifu wao kwa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo sanduku la siri, ambamo kura ya msomi na ya mchunga ng'ombe zilikuwa na uzito uleule, lilikuwa miongoni mwa matunda halisi ya uhuru.

Uamuzi wa kuanzisha mlolongo ulipitishwa na KANU mwaka 1986. Watetezi wake walisema kwamba ungepunguza gharama, kwamba mtu asiyejua kusoma angeshiriki bila kusaidiwa na karani, kwamba kuamua mambo hadharani ndiyo desturi ya mabaraza ya Kiafrika, na kwamba wizi wa kura usingewezekana mahali ambapo kila mtu anaona kwa macho yake. Hoja hizo hazikuwa tupu. Nchini Uganda wanavijiji walichagua mabaraza yao kwa kujipanga nyuma ya wagombea, na bado walifanya hivyo Julai 2018 walipowachagua wenyeviti wa vijiji. Lakini kijiji ambacho wakazi wake wanajuana kwa majina na wanahesabiwa mara moja mbele ya wote si sawa na eneo bunge lenye vituo vingi, ambamo hesabu za kila kituo hupelekwa kwingine zikajumlishwe, na anayezijumlisha ni ofisa aliyeteuliwa na serikali.

Upinzani ulianza mapema. Charles Rubia, mbunge wa Starehe, alikuwa miongoni mwa wabunge wachache sana waliothubutu kuukataa utaratibu huo waziwazi. Wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya walieleza kwamba mhubiri hawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja kisha Jumapili akawahudumia waumini waliosimama nyuma ya mwingine, na mashaka kama hayo yangeweza kumpata mwalimu mbele ya wazazi, au mwenye duka mbele ya wateja wake. Mpangaji angejipanga wapi, ikiwa mwenye nyumba anamtazama?

Mchujo ulifanyika Februari 1988, na uchaguzi mkuu ukafuata tarehe 21 Machi kwa ajili ya viti 188, idadi iliyokuwa imeongezwa kutoka 158. Walioruhusiwa kujipanga ni wanachama wa KANU wenye kadi, si kila mpiga kura aliyeandikishwa, na wasimamizi walikuwa maofisa wa utawala wa mikoa, yaani ule mfumo wa wakuu wa wilaya na machifu waliowajibika kwa Ofisi ya Rais. Kanuni iliyokuwa na madhara makubwa kuliko zote ilisema kwamba mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliojipanga katika eneo bunge lake alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, hivyo kwamba katika eneo hilo kura ya siri ya mwezi Machi haikupigwa kabisa. Asilimia hiyo ilihesabiwa kutokana na waliojitokeza, hata wakiwa sehemu ndogo tu ya wakazi, na kwa njia hiyo wenye kadi waliamua kwa niaba ya maelfu ambao hawakuulizwa.

Malalamiko yaliyoenea kote nchini ni kwamba mgombea mwenye mlolongo mfupi alitangazwa kuwa ameshinda mwenye mlolongo mrefu. Ni vigumu kueleza kikamilifu jinsi hali hiyo ilivyowaacha watu bila njia ya kujitetea. Kura za karatasi zikibishaniwa, sanduku hufunguliwa na karatasi zikahesabiwa upya mbele ya jaji. Watu waliojipanga uwanjani saa nne asubuhi wameshatawanyika mashambani na sokoni ifikapo saa nane, na hakuna mahakama inayoweza kuwarudisha walivyosimama. Kilichobaki kilikuwa tarakimu iliyoandikwa na ofisa. Jarida la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Makanisa, lilipotoa toleo la kuanika udanganyifu huo, lilipigwa marufuku Machi 1988, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa gerezani.

Baadaye mwaka huohuo chama kilitumia mlolongo kuwachagua viongozi wake wa mashinani. Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, alilalamika kwamba matokeo ya eneo lake la Kiharu yalichakachuliwa, akajiuzulu uwaziri mwezi Desemba, kisha akafukuzwa chamani. Tarehe 3 Mei 1990 yeye na Rubia, ambaye naye alikuwa amekipoteza kiti chake, walidai mfumo wa vyama vingi urejeshwe. Mwanzoni mwa Julai walitiwa kizuizini, na tarehe 7 ya mwezi huo, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, ghasia zilizuka Nairobi baada ya watu kuzuiwa kukutana katika uwanja wa Kamukunji. Kamati ya KANU iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza maoni, na miongoni mwa yaliyotajwa kwa uchungu mkubwa ni mlolongo. Mkutano wa wajumbe wa Desemba 1990 uliufuta, pamoja na ile kanuni ya asilimia 70, mwaka mmoja kabla ya kufutwa kwa kifungu cha 2A.

Kura ya siri ilirudi katika uchaguzi wa Desemba 1992, ila swali la ushahidi lilichukua muda mrefu zaidi kujibiwa. Kura zilisafirishwa hadi vituo vikuu vya kuhesabia mpaka 2002, zilipoanza kuhesabiwa palepale zilipopigwa. Baada ya uchaguzi wa 2007 na umwagaji damu ulioua zaidi ya watu 1,100, tume ya Jaji Kriegler ilikuta kwamba kasoro za ujumlishaji zilikuwa kubwa mno kiasi cha kutoweza kujulikana nani alishinda. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa na makao makuu ya tume ya uchaguzi, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, hitilafu za fomu na za upeperushaji wa matokeo zikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022 Fomu 34A, yaani hati ya matokeo ya kura za urais inayojazwa na kutiwa saini katika kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume kutoka vituo 46,229, na raia yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua na kuzijumlisha mwenyewe.