Douglas Nicholls na Mpira wa Australia

Nchi ya Australia ina mpira wake usiofanana na ule unaochezwa katika nchi nyingi za dunia. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa katika mji wa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla chama cha mpira cha Uingereza hakijaundwa. Wachezaji ni 18 kwa kila upande, na uwanja wao una umbo la yai, kama mpira wenyewe. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne. Teke likipitisha mpira kati ya miwili ya katikati hupata alama 6. Likikosea kidogo likapita kando, hupata alama 1. Mpira huruhusiwa kushikwa, lakini hauruhusiwi kutupwa: mtu hupaswa kuupiga teke au kuupiga ngumi kutoka kiganjani. Watu warefu hupendelewa katika mchezo huu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ustadi wake ni kuruka na kuudaka mpira juu ya vichwa vya wengine, hata pengine mchezaji hukwea mgongo wa mwenziwe kama mtu akweaye mnazi.

Katika mchezo wa warefu namna hiyo, mtu mwenye kimo cha futi 5 na inchi 2 alipata sifa kubwa. Jina lake lilikuwa Douglas Ralph Nicholls, wa kabila la Yorta Yorta, mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia ambao Wazungu waliwaita Waaborijini. Ufupi wake ulikuwa kizuizi kidogo, maana miguu yake iliushinda. Kizuizi cha pili kilikuwa rangi yake, na hicho hakikushindwa kwa miguu.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika makazi ya Cummeragunja, kando ya mto Murray, katika jimbo la New South Wales. Makazi hayo yalitawaliwa na bodi ya serikali iliyoitwa bodi ya ulinzi. Jina hilo lilikuwa la upole kuliko kazi yake, kwani tangu mwaka 1915 sheria iliipa uwezo wa kuwatwaa watoto kutoka kwa wazazi wao. Douglas alikuwa angali mtoto polisi walipokuja kumchukua dada yake, Hilda, akapelekwa katika nyumba ya Cootamundra, ambako wasichana wa Kiaborijini walifundishwa utumishi wa nyumbani. Yeye mwenyewe alipata masomo machache tu, na alipofika umri wa miaka 13 alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya kondoo. Kazi yake ilikuwa kuwapaka lami kondoo waliojeruhiwa na mikasi ya wakata manyoya.

Lakini Cummeragunja palikuwa mahali pa wanariadha. Mbio na mpira vilipendwa sana hapo, na nje ya mipaka ya makazi vilikuwa baadhi ya mambo machache ambayo kijana Mwaborijini aliweza kushindana nayo na Mzungu kwa kanuni moja. Nicholls alicheza kwanza Tongala, mji mdogo ng'ambo ya mto katika jimbo la Victoria. Kutoka huko alikwenda Melbourne kujaribu bahati yake katika klabu ya Carlton, mojawapo ya klabu kubwa za ligi ya Victoria.

Katika mchezo ule mkandaji wa misuli ni mtu wa lazima. Kabla ya mchezo huwapaka wachezaji mafuta na kuwakanda miguu, na baada ya mchezo huwatuliza maumivu. Wakandaji wa Carlton walikataa kumgusa Nicholls kwa sababu ya rangi yake, na baada ya majuma machache klabu haikuwa na haja naye. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba hajui kucheza, na hakuna aliyemshinda mbio. Hukumu yake ilikatwa chumbani, mahali ambapo watazamaji hawakuona kitu.

Klabu ya Northcote, iliyokuwa katika shirikisho la daraja la pili, ilimpokea mwaka 1927. Huko alicheza ubavuni mwa uwanja, mahali panapotaka kasi, na mwaka 1929 Northcote ilitwaa ubingwa. Mwaka huo huo Nicholls alishinda mbio mbili za zawadi, za Nyah na za Warracknabeal, ambazo wakimbiaji wake walikimbilia fedha. Yafaa kueleza hapa kwamba mchezaji wa kulipwa wa siku zile hakuwa tajiri. Mwaka 1930 ligi kubwa ilipitisha sheria kwamba malipo ya mchezaji yasizidi pauni 3 kwa mchezo mmoja, na wakati ule dhiki ya uchumi ilikuwa imeikumba nchi nzima. Mpira ulilisha wakati wa baridi tu. Kwa hiyo mwaka 1931 Nicholls alijiunga na kikundi cha ngumi cha Jimmy Sharman, kilichozunguka katika maonyesho ya vijijini na kuwaalika watazamaji wapande kupigana na mabondia wake. Kwa ufupi, aliuza kila nguvu ambayo mwili wake ulikuwa nayo.

Mwaka 1932 alirudi katika ligi kubwa, safari hii katika klabu ya Fitzroy. Siku za mwanzo alikaa peke yake katika pembe ya chumba cha kubadilishia nguo, akikumbuka bila shaka mambo ya Carlton. Haydn Bunton alimwona. Huyu alikuwa nyota ya klabu na mshindi wa nishani ya Brownlow, ambayo hupewa mchezaji bora na muungwana kuliko wote katika ligi. Mwishowe aliipata mara tatu, mwaka 1931, 1932 na 1935. Bunton akaja akakaa karibu na Nicholls na kubadili nguo zake hapo. Hakutoa hotuba. Alibadilisha mahali pa kukaa tu, na chumba kizima kikafahamu.

Nicholls aliichezea Fitzroy michezo 54 hadi mwaka 1937, na mwaka 1935 alikuwa Mwaborijini wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya jimbo la Victoria. Wako wasemao kwamba uwanja hauna rangi. Maneno hayo ni matamu, lakini maisha ya mtu huyu hayayathibitishi. Jumamosi maelfu walimshangilia; lakini katiba ya nchi yake ya mwaka 1901 ilisema kwamba Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa Australia. Alama alizoifungia Fitzroy zilihesabiwa, yeye hakuhesabiwa. Jumuiya ya watu wake haikupata chochote kwa vigelegele vile, na hapana dalili kwamba yeye alidanganyika navyo.

Tarehe 26 Januari 1938, Wazungu waliposherehekea miaka 150 tangu kufika kwao, Nicholls alikuwa miongoni mwa Waaborijini waliokutana Sydney kuifanya siku hiyo kuwa ya maombolezo. Pamoja naye alikuwako mzee wa ukoo wake, William Cooper, aliyetumia uzee wake kudai haki za watu wao. Mwaka uliofuata wengi wa wakazi wa Cummeragunja walivuka mto Murray kwa kuchoshwa na utawala wa makazi, na baadhi yao hatimaye waliishi Fitzroy. Magoti ya Nicholls yalikuwa yameharibika, na mpira wake ukaisha Northcote, alikoanzia. Aliitwa jeshini wakati wa vita, lakini mwaka 1942 polisi wa Fitzroy waliomba aachiliwe, kwa kuwa walimhitaji kati ya watu wake waliokuwa taabuni mjini. Akawa mchungaji wa kanisa lao katika mtaa wa Gore, na watu waliokuja kumsikiliza, weupe kwa weusi, wengi walilijua jina lake kwanza kutoka uwanjani.

Mwaka 1967 wapiga kura zaidi ya asilimia 90 waliafiki kuyafuta katika katiba maneno ya kutohesabiwa. Mwaka 1972 Nicholls alipewa cheo cha Sir, Mwaborijini wa kwanza kukipata, na tarehe 1 Desemba 1976 aliapishwa kuwa Gavana wa South Australia. Maradhi yalimtoa kazini mwezi wa Aprili uliofuata. Alifariki tarehe 4 Juni 1988, akazikwa Cummeragunja.

Fitzroy haiko tena katika ligi kwa jina lake; iliunganishwa na klabu ya Brisbane mwaka 1996. Tangu mwaka 2016 ligi huweka kila mwaka duru ya michezo inayoitwa kwa jina la Sir Doug Nicholls. Klabu zote huicheza, Carlton ikiwamo.